Nilivyomwanika Mama Mkwe Mbele ya Darasa

Jamani, nisimsingizie mtu: mchawi wangu ni mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa na mchumba, nilikuwa na mama mkwe aliyenipenda, na wote nimewapoteza kwa kujifanya msomi!

Mimi ni mtoto wa Iramba. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya maji, kijiji kizima kilijua. Nilihakikisha kinajua! Hata kwenye harusi ya watu nilisimama kuwapongeza maharusi, nikaishia kuhutubia kuhusu masomo yangu.

Kozi ile inachanganya watu wa kila fani. Kuna wa miamba, wa afya, wa sheria, na wa mambo ya jamii kama Zuhura, dada mmoja wa Manyoni. Mimi nilitokea kwenye kemia, basi nikajiona ndiye mwenye maji.

"Ninyi wa jamii mnatafuta nini huku?" nilimwuliza. "Maji hayahojiwi, yanapimwa."

"Lakini wanaoyanywa wanaongea, kaka."

Nikamcheka. Loo!

Ilipofika zamu ya kwenda fildi, nikapendekeza kijiji cha mchumba wangu Neema, si mbali na Misigiri. Visima vya kule vina madini mengi ya floraidi, ndiyo yanayoyapa meno ya watu rangi ya kahawia tangu utotoni. Sababu nzuri ya kwenda, au siyo? Lakini nisiwadanganye: nilitaka ukweni wanione nimevaa koti jeupe la maabara. Koti la maabara, juani, kisimani! Nani alinituma?

Mama yake Neema tulimkuta kisimani na akina mama wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Karibuni, karibuni!" Akacheka kwa furaha, kinywa wazi.

Badala ya kufurahi naye, nikawageukia mwalimu na wenzangu. "Mfano mzuri huu hapa. Mama, hebu fungua kinywa waone. Zaidi! Zaidi!"

Akafungua. Mama wa watu, kwa kuniheshimu, akafungua. Nami nikachomoa kalamu, nikawa naonyesha jino moja baada ya jingine kama dalali wa ng'ombe mnadani. Nikataja hadi neno "kuoza", wakati hayakuwa yameoza hata kidogo. Yalikuwa na rangi tu!

Zuhura akanivuta koti. "Inatosha kaka. Inatosha." Mama akajifunika mdomo kwa kitenge, akajitwisha ndoo ambayo hata haijajaa, akaondoka.

Jioni Neema akanipigia simu. Hakunisalimia.

"Meno yako wewe yana rangi gani?"

Yangu ni ya kahawia kama ya mama yake! Chuoni nilikuwa nacheka midomo imefungwa, watu wakadhani ni upole.

"Ungefungua kinywa chako," akasema, akakata.

Nilirudi na baba mdogo kuomba radhi. Mama alitupokea vizuri, akatupikia ugali wa uwele na kuku. "Nimekusamehe mwanangu," aliniambia, mkono ukiwa mdomoni. Hakuuondoa mkono ule mpaka tunaaga. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Uchumba ukavunjika. Tulipoendelea na utafiti, akina mama wa pale hawakunijibu swali hata moja. Nikiingia uani, kila mmoja anakumbuka kazi jikoni. Utafiti aliumaliza Zuhura, akikaa nao chini wakichambua mlenda. Mimi nilibaki kwenye gari nikilinda chupa za maji. Mtaalamu!

Wadogo zangu mnaotaka kusomea maji, nendeni, ni masomo mazuri sana. Ila mkifika kwa watu, ulizeni kabla ya kuonyesha. Na mtu akikuchekea, weka kalamu mfukoni, mchekee na wewe!