Uzi Chini ya Ulimi wa Imbwa Yangu

Mimi ni muntu wa kuvuta. Masomo yangu yaliisha mbele ya kumaliza primere, lakini ukiuliza kwenye barabara ya Kasumbalesa ni nani anatoaka makamyo kwenye matope, batakuleta mpaka kwangu. Kamyo yangu ya depanaji, ile ya kuvuta zingine, nilijinunulia mwenyewe, bila ndugu mukubwa ofisini. Kilichokwama hakijanishinda bado, na ninaandika hivyo bila haya.

Wiki ile nilikuwa nimetoka barabara ya Kilwa, ile ya kwetu ya kwenye ziwa. Nilivuta kamyo ya samaki iliyolala ubavu kwenye mutaro, na mwenyewe kwa furaha akanipatia mufuko wa samaki wakavu. Bibi yangu, muke wangu wa ndoa, akaipika na mafuta mingi. Majirani bakatokea bila kuitwa. Nyuma ya kula akasugua sufuria na filé. Kila nyumba ya hapa inaijua: ule wavu wa nailoni wa kuogea, ukizeeka unatoka dushi unaenda kuosha masufuria. Yetu ilikuwa ya kijani, imeanza kufumuka. Akaianika juu ya jiwe. Imbwa ikasikia harufu ya samaki, ikaimeza.

Imbwa ile niliikuta ingali ndogo kwenye foleni ya makamyo, kule mupakani. Siku hiyohiyo ikalala kwenye kiti changu. Nikiwa safarini, ndiyo inabaki na bibi yangu. Bila hiyo imbwa nyumbani, huko mbali silali.

Asubuhi ikakataa bukari, ugali wake wa kila siku. Ikatapika povu, ikakunja mugongo. Nikafungua kinywa: uzi wa kijani chini ya ulimi, umekaza, unashuka kooni. Moyo wangu ukaruka. Kumbe kazi yangu imenifuata nyumbani! Nikazungusha uzi kwenye kidole.

Jirani yetu, muzee wa reli aliye na pansheni, alikuwa anachungulia juu ya ukuta. "Mupatie kwanza mawese," akasema. "Itateleza. Kisha vuta."

"Usivute," bibi yangu akasema. Alikuwa tayari na simu kwenye sikio. "Niko na dokta wa banyama hapa. Anasema usivute."

"Muambie mimi ni nani."

Akaweka simu kwa sauti kubwa. "Papa," dokta akasema, sauti ya mwanamuke kijana, "nasikia unavutaka makamyo."

"Hata zenye kontena."

"Basi huyo imbwa iko na kroshe ya kufungia kamba wapi? Toa kidole. Usimupatie mawese, maziwa, wala dawa ya kutapisha. Huo uzi usiukate. Mulete sasa hivi, na filé ingine inayofanana, nione imemeza kitu gani."

Nikatoa kidole. Nikabeba imbwa mpaka kwenye kamyo, bibi yangu akakamata filé ya dushi.

Nikawasha taa ya juu ya kamyo, nikapiga klaksoni kutoka kwetu mpaka kwa dokta, upande wa Kasapa. Mataksi zilikimbilia pembeni! Polisi wa barabara akainua mukono, akaona imbwa juu ya magoti ya bibi yangu, akaushusha.

"Munakimbizwa na nani?" akauliza.

"Na uzi," bibi yangu akajibu, na mimi nikakanyaga.

Dokta akapiga taa kinywani. "Umejizungusha kwenye shina la ulimi," akasema. "Huku umefungwa, kule tumbo linasukuma filé kwenda mbele. Ungevuta, ungekata matumbo."

Nikaelewa mara moja. Nimeona kamba ya chuma iliyofungwa kwenye muti ikiingia kama kisu kwenye sabuni. Bibi yangu, ambaye anashonaka marobe, magauni ya banamuke, akasema hapana, ni kama fronsi, ile mikunjo ya kiunoni: ukivuta uzi moja, robe yote inajikunja.

"Bote wawili muko sawa," dokta akasema. "Sasa tokeni."

Inje kulikuwa muntu na mbuzi yake. Nikaanza kumusimulia kamyo ya Kilwa.

"Leo nyamaza kidogo," bibi yangu akaniambia, akanishika mukono.

Nikaacha kamyo ya Kilwa ndani ya mutaro. Nimevuta vitu vizito maishani, lakini kimya kile kilivipita vyote.

Dokta akatoka na beseni. Ndani, filé yetu, ndefu na nyembamba, imejisokota kama mukia. "Imbwa inapumua, tumbo nimelishona," akasema.

"Dokta, bantu wakiuliza, utabaambia ni nani hakuvuta?"

"Nitabaambia, papa."

Siku ya kuichukua nikafika mulangoni nikapiga klaksoni, vile ninavyofanyaka nikirudi kutoka safari. Ndani, imbwa ikajibu. Ikabweka, ikabweka, tukasikia vyombo vinaanguka.

Dokta akatokea mbio, maganti mikononi. "Papa, zima mashini! Iko inaruka, itapasua minyuzi yangu."

Nikazima. Nikashuka, nikavua viatu vyangu vikubwa vya kazi, nikaingia polepole kama mwizi, nikiiita kwa sauti ya chini.