Nyumba ya Mgeni Ndani ya Kompyuta

Nikiwa bado mchunga ndama, niliamka asubuhi moja nikakuta ng'ombe wamelala zizini miguu imekakamaa. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Nilipiga yowe nikijua tumekwisha. Baba hakulia. Alijifunga shuka, akasema twende, tukatembea kuelekea upande wa Ikoma mpaka nyayo zikanichubuka. Huko, kwenye zizi la rafiki yake, akanyoosha fimbo: "Yule mwekundu ni wetu. Yule mwenye baka pia. Na mama yake."

Nilikaa chini kwa mshangao. Kumbe baba alitawanya mifugo kwa marafiki, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize yote. Na kumbe baadhi ya waliokufa kwetu walikuwa wa watu! Hilo nalo lilileta maneno, tuliache.

Kilichonikumbusha ni kompyuta. Usicheke. Shule niliishia darasa la pili, na sasa ni mlinzi wa nyumba moja pembeni mwa Turwa, inayohifadhi mabinti waliokimbia kukeketwa. Mama anayeiendesha ana kompyuta iliyogawanywa ndani kwa ndani, nyumba nyumba, kila nyumba na rangi yake. Nyekundu ni ya intaneti. Ya kijani haina intaneti kabisa, na ndimo anamoandika binti yupi kapelekwa wapi. Halafu ipo ya mgeni: kitu usichokijua unakifungulia humo, ukimaliza unaifunga, nayo inabomoka na vyote vilivyokuwamo.

Siku ya kwanza kuona hivyo nilishika kichwa.

"Imeenda wapi?"

"Haipo tena, mzee."

"Haipo vipi, na sasa hivi ilikuwa hapa?"

Mama hunieleza kila anachogusa, maana wa kuongea naye mchana ni mimi. Masasisho anayaweka kwenye nyumba mama, ile ambayo nyingine zimenakiliwa kwake, kisha anazizima zile nyingine na kuziwasha upya, la sivyo zinabaki na uzee wake. Mashine ikianza kujikokota, amefungua nyumba nyingi mno, anafunga asizozitumia. Intaneti ikigoma hazimi kompyuta nzima, anawasha upya ile nyumba inayobeba mtandao tu. Nakala anaziweka kwenye diski ya nje, na anajaribu kuzirudisha kabla hajapata shida, kwani nakala usiyoijaribu unaweza kukuta ni tupu. Na ile nyumba kuu inayotawala zote, humo hafanyi kazi yoyote. Humo ukiharibu, umeharibu boma zima.

Basi, siku moja akaja mwenzangu wa rika. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukavuja damu kwenye jiwe moja. Kwetu mtu wa namna hiyo humuulizi shida yake getini. Unamfungulia, anakaa kitini kwako, akitaka hata analala kitandani kwako. Nikafungua.

"Mura, umezeeka vibaya," akaniambia, kwa lile neno tunaloitana wanaume kwetu. "Hata mbwa wako ananionea huruma."

"Wewe ukijiona kwenye kioo utakimbia."

Tukacheka. Mabinti wakapita, "Shikamoo babu," akaitika vizuri tu. Nilijua mjukuu wake alipita hapa, akahamishwa. Wapi, hata mimi sikujua. Yeye akatoa flashi mfukoni, akampa mama. Ni video, akasema. Mama wa yule mtoto anaumwa, anataka binti aone sura yake, walau atumiwe salamu.

Sauti yake ilitetemeka. Mimi machozi yalinilenga.

Mama akaichomeka, akafungua nyumba ya mgeni. Mwenzangu akasogeza kiti.

"Hapo ndipo inapokaa habari ya mjukuu wangu?"

"Hapana, mzee. Hapa wageni wanakaribishiwa."

"Mimi mgeni? Na huyu ni rika langu?"

Video haikucheza. Skrini ikawa nyeusi, feni ya mashine ikavuma, kisha kikatokea kidirisha cha kuuliza: nyumba ya mgeni inaomba kuingia ya kijani, ruhusu au kataa? Mama akakisoma mara mbili. Akabonyeza kukataa. Kikarudi. Akakataa tena.

"Mzee," akasema polepole, "video gani hii inayobisha hodi kwa majirani?"

Nilimtazama mwenzangu, nikidhani atashangaa kama mimi. Hakushangaa. Alikuwa anatazama kidirisha kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

"Kijana wa Sirari aliniahidi," akasema. "Ikiingia tu, itatoka na mahali mtoto alipo."

"Na mama yake anayeumwa?" nikauliza.

"Haumwi."

"Mura! Umenitumia mimi kuingia?"

"Ng'ombe za watu, mahari ya mtoto, zimeshalala zizini kwangu. Nitawaambia nini?"

Mama alifunga nyumba ya mgeni. Feni ikanyamaza. Ya kijani haikuguswa, mtoto akabaki alipo. Mama akachomoa flashi, akaiweka mezani mbele ya mwenzangu.

Mtu aliyeshika mkono wangu tukiwa wavulana, nisipige kelele kisu kilipopita! Nilingoja aniapize, au anitukane, chochote.

Alichukua kofia yake, flashi akaiacha. Akapita getini bila kulifunga, akashika barabara, wala hakugeuka, na hajarudi.