Pedali Chini ya Mkeka

Habari ilinifikia nikiwa sokoni Malindi, nikichagua nyanya. Aliyepiga simu alikuwa mke wa marehemu mwenyewe, na hata katika msiba ulimi wake mkali haukumwacha. "Rafiki yako ametutoka alfajiri," alisema. "Tunamzika kwao Ganze. Uje, lakini usije na hotuba ndefu. Yeye mwenyewe alishasema ya kutosha." Kweli alishasema. Marehemu alikuwa mpiga gitaa, na katika pwani yetu hii sijaona mtu aliyependa kupiga gitaa kama yeye, isipokuwa labda yeye huyo huyo alipokuwa akieleza jinsi gitaa linavyopaswa kupigwa.

Wasomaji wa umri wangu mliucheza muziki wake. Alianza katika mahoteli ya Malindi, enzi ambazo watalii walijaa hadi wakakosa viti, na mahoteli yalipopungua akahamia kwenye harusi. Fahari yake ilikuwa amplifaya moja ya zamani, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, iliyokuwa na vioo vya mfano wa balbu ndani, vinavyowaka wekundu kama vibatari. Ilikuwa nzito kama friji. Kila aliyewahi kuibeba aliumwa mgongo, na mwenyewe hakuwahi kuibeba. Alisema sauti yake ni asali iliyoungua kidogo, na kwamba hakuna kitu kilichotengenezwa siku hizi kinachoweza kuifikia. Ukimwuliza saa, angekujibu saa, kisha angerudi kwenye amplifaya.

Mwenzake wa siku zote alikuwa mpiga gitaa la pili, mtu wa Ngomeni, mpole, mdogo wake kwa umri. Siku moja mwenzake huyu alikuja mazoezini na pedali, kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kitabu cha sala. Ukikanyaga swichi yake gitaa hutoa sauti ya amplifaya fulani ya zamani. Ukikanyaga tena, hutoa sauti ya nyingine.

"Hiki nini?" marehemu aliuliza.

"Pedali, kaka. Humu ndani mna sauti ya mashine yako, na mgongo wangu utapumzika."

"Humo mna uigizaji. Mimi sipigi na mwigizaji."

Mwenzake alidhani ni utani. Haukuwa utani. Alifunga gitaa lake, akarudi Ngomeni, akaanza kazi ya kupaka mashua rangi. Mkewe marehemu alimkumbusha mumewe kwamba yeye aliyemwita mwenzake mwigizaji alikuwa amelea watoto wote wa nyumba ile kwa kuwaigizia Wataliano nyimbo zao, kwa maneno ambayo hakuelewa hata moja. Mume akainuka. Alienda kuifuta vumbi amplifaya.

Mwaka uliofuata amplifaya ilikufa. Ilitoa moshi kidogo, ikanguruma, ikanyamaza. Alitafuta vile vioo Mombasa, akaagiza hadi Nairobi, hakupata. Basi akafanya jambo ambalo mkewe peke yake alilijua. Alilitoa sanduku la amplifaya matumbo yote, akatia ndani spika ndogo ya kisasa, akanunua pedali ya aina ile ile aliyomfukuzia mwenzake, akawa anaificha chini ya mkeka aliosimama juu yake. Ili tusishuku, aliweka ndani ya sanduku taa nyekundu, zile za kupambia sebule wakati wa Krismasi. Na mahubiri hayakupungua hata siku moja. Kila harusi alilipigapiga lile sanduku mgongoni na kutuambia, "Hii ndiyo sauti, wallahi." Baadhi yenu mtakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliisifu sauti hiyo katika safu hii. Niliandika kwamba vijana wana la kujifunza kutoka kwa mitambo ya kale. Nilikuwa nikizisifu taa za Krismasi.

Siri ilitoka Mariakani, kwenye harusi ya binti wa mtu niliyesoma naye. Shangazi wa bi arusi, mwuza maziwa mwenye mwili wa heshima, alipandwa na muziki, akacheza hadi mbele ya wapigaji, akageuka mara mbili, akakanyaga mkeka. Gitaa lililokuwa likinong'ona wimbo wa mapenzi lililia ghafla kama mabati yanayong'olewa na upepo. Watoto wakakimbia. Shangazi akaruka nyuma, akainua ncha ya mkeka, na ile pedali ikatukodolea kijitaa chake cha kijani.

Marehemu alisimama kama mtu aliyevuliwa shuka mbele za watu. Nilimwona akijaribu kuirudisha ncha ya mkeka kwa mguu. Shangazi aliitazama pedali, akalitazama sanduku, akamtazama yeye.

"Mzee wangu, ndicho hiki kinachotuchezesha siku zote?"

"Ndicho," alisema, kwa sauti ndogo.

"Haya, kirudishe kwenye ile sauti nzuri, twende kazi. Mimi sijamaliza."

Watu wakacheka, akakikanyaga, ngoma ikaendelea. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Hakuna aliyedai maelezo, hakuna aliyeondoka.

Tulirudi Malindi pamoja garini mwangu, yeye amekaa mbele. Tulipovuka daraja la Kilifi ndipo aliponigeukia.

"Hakuna aliyejua?"

"Hakuna."

"Hata wewe? Uliyeandika gazetini?"

"Hata mimi."

"Basi mna masikio ya mbuzi." Aliudhika kweli kweli, si kwa kugunduliwa bali kwa kutogunduliwa mapema. Kisha akatazama nje dirishani. "Nimemfukuza mtu," alisema, "kwa jambo ambalo hamlisikii."

Juma lile lile alikwenda Ngomeni. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na wote wawili, na kila mmoja alijipa maneno mazuri zaidi, lakini walikubaliana kwamba mwenzake alikuwa ameshika brashi, akipaka ubavu wa mashua.

"Shikamoo, kaka."

Badala ya marahaba, marehemu alisema, "Nimenunua pedali."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani gani?"

"Si mbali sana baada ya wewe kuondoka."

Mwenzake alicheka hadi akakaa mchangani. Kisha kicheko kikakatika. "Na mimi muda wote huu niko hapa na rangi?"

"Ndiyo. Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

Mwenzake hakusema amesamehe. Alimpa brashi. "Malizia upande ule, kisha tutazungumza." Marehemu, ambaye hakuwahi kubeba hata amplifaya yake mwenyewe, alipaka mashua rangi akiwa amevaa suruali yake ya kupigia harusini mpaka jua likageuka. Tangu siku hiyo walipiga pamoja tena, pedali mbili juu ya mkeka mbele ya watu, na haukupita mwezi marehemu akaanza kutuhubiria ubora wa pedali kana kwamba ameivumbua yeye.

Ganze, baada ya mazishi, nilimkuta mwenzake amekaa peke yake, nikawaza ni wangapi kati yetu tuna cha kuficha cha namna hii. Mpishi wa harusi anaapa kwamba nazi ameikuna kwa mkono wake, na pakiti za tui ziko nyuma ya jiko. Mshona kofia anasifu sindano yake, na cherehani inanguruma chumba cha ndani. Sioni kosa katika pakiti wala cherehani. Wali ni mtamu na kofia inapendeza. Kosa ni kwamba msaidizi aliyefukuzwa kwa kuileta pakiti ya kwanza mpaka leo hajaambiwa kwamba alikuwa sahihi. Tukibadili msimamo, tusiishie kuubadili moyoni. Tumtafute yule tuliyemuumiza kwa msimamo wa kwanza, tumwambie angali anasikia. Wale wawili walipata miaka michache ya kupiga pamoja. Wangepata mingi zaidi, na kilichowanyima ni aibu ya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa akiliuliza.