Madamu na Nafasi ya Cherehani

Nyumbani walimwita Madamu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Tangu atimize miaka kumi na sita, hakuna kilichomfaa mle ndani. Chai nyepesi, taulo gumu, na baba akikoroma chumba cha pili, basi anamkoromea yeye makusudi. Akitumwa sabuni dukani, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Siku nikiondoka hapa, hamtaniona tena hata kwa tochi."

Haya, siku ikaja. Chuo cha unesi cha mji wa mbali kilimkubali, na kesho yake asubuhi alitakiwa awe stendi. Madamu akapanga nguo zake polepole mno, kila blauzi akiikunja mara mbili, huku akichungulia mlangoni aone nani analia. Wapi! Baba alikuwa sebuleni anakata kucha. Mama yake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni hapohapo miaka yote, wageni wakimkanyagia vitambaa, akaingia na futi shingoni. Madamu akakaa sawa, macho akayalegeza, tayari kukumbatiwa.

"Sogea nipime," mama akasema.

"Upime nini?"

"Nafasi ya cherehani. We si unaondoka?"

Lo! Hajavuka hata kizingiti, tayari anarithiwa.

"Yaani hata kesho huwezi kungoja, mama?"

"Wateja wangu wananingoja mimi? Shika huko, kwenye mguu wa kitanda."

Akashika. Moyoni alikuwa na swali moja tu, kama bado ana kwao. Lakini kuuliza ni kushindwa, na mtoto wa umri ule afadhali ameze sindano. Akaona afanye ujanja. Mama alipoinama kule ukutani, yeye akaishikilia ncha ya futi shibiri nzima kabla ya kitanda, uso mkavu kama hakimu.

Mama akasoma, akasonya. "Haiingii."

"Pole, mama. Chumba chenyewe kidogo."

"Basi kitanda kitoke. Jirani juzi alikiulizia."

"Kitanda changu?"

"Cha nani tena? Wewe si utalala bwenini?"

"Sasa nikirudi nitalala wapi?"

Sebuleni, mkasi wa kucha ukanyamaza.

"Kumbe utarudi?" mama akauliza.

Madamu akaichukua blauzi, akaikunja mara ya tatu.

"Likizo tu," akanong'ona.

"Sema kwa sauti, baba yako hajasikia."

"Nimesema likizo!" Na kilio kikamtoka, machozi na makamasi pamoja, umadamu wote ukalowa.

Mama hakumkumbatia. Alimtupia kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja. "Jifute. Kitanda hakiendi popote. Halafu shika futi sawasawa, unadhani nilikuwa sikuoni?"

Walipopima upya, cherehani ikapata nafasi, ila kwa kubanana. Mwenye kitanda angelazimika kukipanda kwa kupitia miguuni, kama mwizi. Madamu alipoona mambo yametulia, pua ikapanda palepale.

"Mafuta ya mashine yasinuke kwenye mto wangu. Na nisikute pini kwenye shuka."

"Utazikuta," mama akajibu, akamwita baba aje washike mashine upande na upande.