Kanga ya Mama Mabegani mwa Anti Hema

Nikisikia harufu ya karafuu, mgongo wangu hunyooka wenyewe. Ni Anti Hema huyo. Alizitafuna kutwa nzima kulinda koo lake, na akiniinamia kunisahihisha, harufu ilinifikia kabla ya karipio.

Kwao India, Anti Hema alikuwa na jina kubwa katika uimbaji wa kale wa Kihindi. Aliimba redioni tangu usichana, akajaza kumbi. Kisha akaolewa Johannesburg, na wakwe wakasema mke wa mwenye duka haimbi mbele za watu. Akanyamaza miaka ishirini. Mumewe alipofariki akarudi jukwaani, nao wakaanza kusema. Walisema harusini, walisema hata matangani.

Sisi tulimjua kwa blauzi zake za sari. Mama yangu, Mtanga aliyemfuata baba aliporudi kwao Afrika Kusini kutoka uhamishoni, alikuwa fundi cherehani mtaa wa Yeoville, Johannesburg, na Anti Hema aliapa kwamba mji mzima hakuna mwingine anayejua kukata mkono wa blauzi. Nilipofika miaka kumi akanichukua nimpigie tambura, chombo kirefu kuliko mimi, chenye tumbo la buyu na nyuzi nne. Kazi yenyewe ni kukaa nyuma ya mwimbaji na kupitisha vidole kwenye nyuzi, moja baada ya nyingine, bila haraka na bila kukoma.

"Hata ukumbi ukishika moto, wewe endelea," aliniambia. "Ukiacha mara moja tu, hukai tena nyuma yangu."

Niliitaka nafasi ile kuliko baiskeli.

Onyesho langu la kwanza lilikuwa Fordsburg, mtaa wenye Wahindi wengi. Mama alikuja amejipamba kama anayekwenda kumtoa mwali, akakaa mstari wa tatu. Anti Hema akaanza polepole, akiizunguka sauti moja robo saa nzima bila hata neno. Watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Nikamwona mama kiti kinamwasha. Namjua mama yangu. Kwao Tanga mwimbaji wa taarabu akikugusa moyo unainuka, unamwendea, unamtunza. Kubaki umekaa ni kumtukana.

Akainuka.

Alikuja na njia ya katikati kwa madaha, mkono juu, akapiga kigelegele kirefu hivi kwamba mpiga ngoma, aliyekuwa bado anasubiri zamu yake, alidondosha nyundo ya kukazia ngozi. Masikio yangu yaliwaka moto, vidole vikaendelea. Mama akapanda jukwaani, akajipapasa kifuani kutafuta noti, akakumbuka pochi ameiacha kwenye kiti. Mnadhani alirudi? Alivua kanga yake begani, akamfunika Anti Hema mabega, akashuka kwa madaha yaleyale.

Kwa hiyo saa nzima iliyobaki nilikuwa nausoma mgongo wa mwalimu wangu: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Kanga ile mama aliinunua kwa ajili ya jirani yetu mmoja. Anti Hema hakuivua.

Nje, mama mmoja mwenye sari ya dhahabu akaniuliza, "Yule aliyepanda jukwaani ni wa kwenu?"

"Simjui," nikasema.

Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika viatu vyangu, maana jukwaani tulipanda pekupeku. Hakunigombeza.

"Vaa, mwanangu," alisema. "Sakafu ina baridi."

Anti Hema aliponiuliza kanga imeandikwa nini, nilidanganya: "Mungu akubariki." Nilikuwa mtu mzima nilipomwambia ukweli. Alicheka mpaka karafuu ikamtoka mdomoni.

"Eish! Na wakwe zangu walikuwa mstari wa mbele," akasema. "Ningejua, ningeimba nimewageuzia mgongo!" Kisha akaniambia kwamba kwao mwimbaji aliyepewa heshima hasa huvishwa shali mabegani, na tangu afike Johannesburg hakuna aliyewahi kumvisha, ila mama yangu.

Anti Hema hayupo tena. Siku hizi ninaimba mimi. Mama huja kila mara, hukaa mstari wa tatu, kanga ameikunja mapajani, anatikisa kichwa kwa adabu kama wenzake. Wakati mwingine naona kabisa kiti kinamwasha, kisha anajizuia. Nimeshamwomba radhi, akacheka, akasema, "Mambo ya utoto hayo." Lakini hainuki. Adabu ile nilimfundisha mimi kwa neno moja, na kila nikiimba naitazama kanga yake, naisubiri.