Karani Aliponipa Kura Akamnyima Mume Wangu

Mwaka ule wa kura tatu, Serikali ya Mwingereza ilitutangazia kwamba sasa tumekua, tunaweza kuchagua. Tulishukuru. Kabla ya hapo ilikuwa ikituamulia kila kitu yenyewe, hata namna ya kulima matuta, bila kutusumbua kwa maswali.

Tulitoka Ntalikwa asubuhi, mimi na mume wangu, tukaenda bomani Tabora kujiandikisha. Yeye alikuwa mkulima mwenye zizi la ng'ombe lililosifiwa mpaka Puge, na watu walimfuata awaamulie ugomvi wa mipaka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni.

Karani akamwuliza, "Mzee, umemaliza darasa la nane?"

"Sikusoma."

"Una mshahara?"

"Nina ng'ombe."

"Ng'ombe si mshahara, mzee." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, njoo utie sahihi."

Basi ikawa hivyo: mwamuzi wa kijiji kizima hana akili ya kuchagua, mkewe anayo. Njia nzima ya kurudi mume wangu alitembea mbele. Siku za kodi hakuna karani aliyewahi kumwuliza amefika darasa la ngapi.

Habari zikaenea kwamba pale kijijini mwenye kura ni mimi peke yangu. Nikawa mtu mkubwa. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kuniuliza hata kama mboga imekolea chumvi, alikuja akakaa jikoni kwangu.

"Mwanangu, utatuchagulia nani?"

"Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja, mama. Nikiacha mmoja, karatasi yangu inaharibika."

"Huyo Mzungu unamjua?"

"Simjui."

"Na Mhindi?"

"Naye simjui."

"Sasa hapo unachagua au unatii?"

Siku ilipofika nilipanga foleni, nikatia alama zangu tatu, nikarudi nyumbani.

"Umemchagua nani?" mume wangu akauliza.

"Sheria inasema ni siri."

"Hata kwangu?"

"Hata kwa Gavana."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tulipotoka bomani. Juma lililofuata alikuja darasani kwangu mchana, akabana magoti kwenye dawati la mbele, akaomba kufundishwa a, e, i, o, u. Nilimfundisha kama mwanafunzi mwingine yeyote, na alipokosea nilimsahihisha mbele ya wenzake. Alifika katikati ya kitabu cha kwanza, mvua zikaanza, akarudi shambani.