Siku Niliyomwambia Mzee Rashidi Asiguse Mashine Yake

Jamani, hii naisimulia kwa shingo upande, kwa sababu Gisenyi nzima imeshaijua, basi bora muisikie kwangu kuliko kwa wavuvi, ambao wao wanaiimba.

Mimi ni fundi pikipiki, nimekulia Mwanza, nikarudi huku na mdomo mrefu. Mzee Rashidi, baba yake Zuhura (ninayempenda, mnajua), alikuwa na mashine ya boti ya zamani iliyolala stoo tangu Zuhura anatambaa, nami nikajitolea kuifufua, maana aliniambia, "Ikitembea, utume wazee wako waje kuposa." Wiki tatu nimekwangua kutu, nimesafisha kabureta kwa mswaki (wangu, ndiyo), nikaijaribu ndani ya pipa la maji uani kwake, ikanguruma mpaka majirani wakatoka. Mzee akataka kunionyesha kitu kwenye tanki, nikamkatiza: "Mzee, wewe kaa tu, usiguse kitu. Fundi ni mimi."

Jumamosi alasiri tukaingia ziwani, Mzee na kanzu yake nyeupe na kofia. Kwenye mfuniko wa tanki kulikuwa na kaskurubu kadogo kanakovujisha petroli, na mimi, nikiihofia ile kanzu, nikakakaza mpaka mwisho. Tukaondoka kwa kishindo, Zuhura na mama yake wanapunga mikono ufukweni, nikajiona bwana harusi kabisa, na baada ya dakika chache mashine ikakohoa, ikazima.

Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Nikafungua plagi, nikaipuliza, nikairudisha, nikavuta kwa hasira mpaka kiwiko changu kikaipiga kofia ya Mzee ikaenda zake majini, na upepo unatusukuma upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, na sina hata kitambulisho mfukoni! Mzee amekunja mikono tu. Nilitamani ziwa linimeze.

Wakatokea wavuvi wa sambaza, vile visamaki kama dagaa, wanaelekea kazini na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, wakatuvuta, na hawa jamaa hawapigi kasia bila kuimba, basi mkubwa wao akauliza, "Fundi ni nani?" Nikajitaja, mjinga mimi.

"Fundi Shabani eee!"

"Iko anavutwa eee!"

Hivyo hivyo mpaka ufukweni, mbele ya mama yake Zuhura.

Tulipofika maji ya magotini, Mzee alinyoosha vidole viwili, akalegeza kale kaskurubu, tanki likafanya psss, akavuta kamba mara moja tu. Ikawaka.

"Hewa isipoingia, petroli haishuke," akasema.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Si we ulisema nisiguse kitu? Bon, mi niliheshimu fundi. Lakini we hauulizake. Uliza, basi!"

Nikachanganyikiwa, nikapiga magoti humo humo majini: "Mzee, naomba kumuoa Zuhura!"

"Ile utatuma wazee! Mi nasema uliza juu ya motere!"

Wavuvi nusura waanguke ziwani kwa kucheka, na Zuhura akajifunika uso kwa mtandio.

Wazee wangu walikwenda Jumapili, mioyo juu, wakaulizwa swali moja tu: huyu kijana wenu huwa anasikia? Wakajibu ndiyo (Mungu awasamehe), tukakubaliwa. Tangu hapo, mtu akiniletea mashine ya zamani namkalisha kitini, nampa chai, namuuliza habari zake zote, na akinitazama kama fundi asiyejua kazi, namwacha anitazame.